Nukta Niliyoifuta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu na sitaki uisome umesimama jikoni huku sufuria inachemka. Goti linaendeleaje? Nilimuuliza mteja wetu mmoja ambaye ni daktari, akasema upunguze ngazi na upunguze ubishi. Hilo la ngazi nadhani utaliweza. Mimi ni mzima wa afya, mikono imejaa vumbi la lenzi kama kawaida, na mwenye duka la miwani bado ananisifu kila Jumatatu ili nisimuulize habari za likizo.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Najua umengoja jibu, tena najua umenuna. Umeniandikia kwamba Mama Mdogo amerudi baada ya miaka ishirini na mbili, na hataki chochote ila wazee wa ukoo wakae tena na waliondoe lile jina la mwongo walilombandika. Umesema Baba Mdogo amekubali kikao bila wasiwasi, kwa kuwa ana hakika nitarudia nilichosema nikiwa na miaka tisa: kwamba Mama Mdogo, mkewe, alipovunjika mkono mimi nilikuwa nje, sikuona kitu. Umeniomba nije Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikaseme hivyohivyo, kwa kifupi, tule, tutawanyike. Jibu langu limo humu. Lakini kwanza nitakusimulia habari ya nyota, na tafadhali usiruke kurasa.

Mambo yangu ya paani unayajua. Ulishayaita wazimu wa mtu anayepanda juu bila hata nguo za kuanika. Tuko wanne. Mwalimu, mstaafu wa hesabu, ndiye mwenyekiti wetu, maana hajui kukaa mahali bila kupaongoza. Fundi Saa ana kibanda mkabala na duka letu. Yeye na mimi tulikisugua kioo cha darubini kwa mikono miezi minane, na bomba lake ni bomba la maji lililobaki jengo lilipokarabatiwa. Wa nne ni Mpishi wa hospitali, ambaye huja na chupa ya chai na kusinzia kitini kabla ya sisi wengine kuona chochote.

Kazi yetu ni hii. Kila mmoja amechagua galaksi yake, yaani kundi la nyota lililo mbali kupita kiasi, hata kwenye darubini linaonekana doa tu, kama ukipumulia kioo cha miwani. Kila jioni isiyo na mawingu unaichora galaksi yako, hiyohiyo, miaka nenda miaka rudi, ili siku kitu kikibadilika ukijue. Mwalimu alituwekea sharti moja: unachora kwa penseli kwenye daftari lenye kurasa za namba, na hakuna kufuta. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja, kosa lako libaki linaonekana. Mimi peke yangu nilining'iniza kifutio shingoni kwa uzi, kwa kupenda usafi, nao wakaniita Kifutio. Mwalimu alinikemea mwanzoni, halafu wageni wakaanza kuisifu michoro yangu, akanyamaza.

Sasa, mwaka jana niliwahi kupiga kelele kwamba nimeona nyota mpya. Mpishi aliamka akamwaga chai. Kumbe ilikuwa kinyesi cha nzi juu ya kioo. Mama, nilichekwa mwezi mzima. Hata muuza magazeti wa pale chini akawa ananiuliza nzi wangu hajambo.

Kwa hiyo Jumanne moja, nilipoona nukta ya mwanga pembeni mwa doa langu, mahali ambapo miaka minne hapakuwa na kitu, niliichora kwanza, kwa sababu mkono umezoea kuchora kile linachokiona jicho. Kisha nikamkumbuka nzi. Nikachungulia tena, ipo. Nikapangusa lenzi ya kuchungulia, nikachungulia mara ya tatu, bado ipo. Wenzangu walikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo, ningeweza kuwaita kwa kunong'ona. Badala yake nikashika kifutio, nikafuta, nikapuliza vumbi, nikawaaga nikaenda kulala.

Alhamisi nilibaki dukani kumalizia miwani ya mteja, na Fundi Saa akaitazama galaksi yangu kwa niaba yangu. Nukta ile sasa ilikuwa inang'aa waziwazi. Yeye hana kelele kama mimi. Alimwamsha Mpishi taratibu aje athibitishe. Mwalimu akaandika taarifa kwenda kituo kikuu cha wachunguzi wa nyota, na baada ya siku mbili jibu likaja: ni kweli, nyota imelipuka kule, na mwanga wake umekuwa safarini tangu kabla hajakuwapo binadamu hata mmoja. Mpishi akauliza sasa rambirambi tumpelekee nani, maana msiba wenyewe tumeuchelewa. Tulicheka sana. Kisha Mwalimu akasoma mstari wa mwisho: kama yupo aliyeiona kabla ya Alhamisi, atume kumbukumbu zake upesi, kwa kuwa nyota kukutwa inaanza tu kulipuka ni jambo adimu mno.

Hapo nikaweka kikombe chini. Nilipiga moyo konde, nikalifungua daftari nikawaambia. Fundi Saa aliinamisha taa pembeni ya karatasi, na kweli, penseli ilikuwa imeacha kishimo kidogo palepale. Mwalimu hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alichonga penseli akanipa, akaniambia niirudishe nukta kwenye kishimo chake, kwani si niliiona? Nani atajua? Akanivisha kilemba cha ukoka, eti dunia nzima itasema sisi wa paani ndio tuliotangulia. Mama, sitakudanganya, nilitaka. Niliishika ile penseli mpaka ikalowa jasho.

Nikamwambia, "Mwalimu, niliiona, kisha nikaifuta. Yote mawili yametokea. Siwezi kutuma moja nikaficha la pili."

Tuliipiga picha karatasi kama ilivyo, na mimi nikaandika chini yake kwamba niliiona, nikaogopa kuchekwa, nikafuta. Kituo kimejibu kwamba nukta yangu haiwezi kuhesabiwa. Wameiweka kwenye orodha na alama ya kuuliza, na heshima yote amepata Fundi Saa, anastahili. Mwalimu alininunia wiki nzima. Nilimwambia anune mpaka galaksi yake nayo ilipuke, mimi sirudi nyuma. Kifutio nimekikata shingoni nikampa mtoto wa mwenye duka.

Sasa nisikilize, Mama, maana hili hatujawahi kuliongea hata siku moja. Sikuwa nje. Ulinituma nikaazime chekeche, nikasimama mlangoni kwa Mama Mdogo. Nilimwona Baba Mdogo akimshika mkono akaubana kwenye mlango, akausukuma mlango kwa bega, mara mbili. Mara ya kwanza mtu angeweza kusema bahati mbaya. Nilirudi mbio bila chekeche nikakwambia yote, na wewe ukanifuta machozi ukaniambia kesho nikiulizwa niseme nilikuwa nje. Kwenye kikao ukaweka mkono wako begani kwangu. Nikasema nilikuwa nje. Mama Mdogo hakulia, alinitazama tu, na wiki ile akaondoka na bandeji yake, wazee wakisema alianguka ngazini na ana ulimi wa uongo.

Najua kwa nini ulifanya vile. Baba alikuwa ameshafariki, tulikuwa tunalala na kula kwa Baba Mdogo, na wewe ulikuwa na watoto watatu. Sikulaumu kama ninavyojilaumu. Lakini tangu siku ile sijawahi kuyaamini macho yangu mwenyewe, Mama, mimi ambaye kazi yangu ni kuwapa watu macho. Nimechoka nayo hiyo hali.

Basi jibu lako ni hili: nitakuja. Nitakaa mbele ya wazee na mbele ya Baba Mdogo, nitasema niliona, na nitasema pia kwamba nilikana. Wakinicheka, nimeshachekwa kwa sababu ya nzi. Wakinifukuza, nina kwangu. Wewe ukitaka kuniwekea mkono begani, uweke, nitafurahi, lakini nitasema ukiwa umeuweka. Usijaribu kunizuia kwa simu, maana Mama Mdogo nimeshamwandikia haya yote, na barua yake nimeitia posta jana.

Nisalimie wadogo zangu wote wawili, na jirani wa mkono wa kulia, na yule paka kama bado yupo. Lipake goti dawa. Utaona humu ndani maneno mengine nimeyakata kwa mstari. Yasome tu, siku hizi sifuti.

Ni mimi bintiyo,
aliyekuwa mlangoni.