Adhana Katikati ya Wimbo

Shikamoo, Mama! Usicheke, Changamwe wamenitia adabu za pwani.

Jana alasiri bendi yetu ilipiga roki kwenye uwanja wa Chaani, jua likitukaanga kama viazi karai. Tulikuwa katikati ya ule wimbo tuliorekodia jikoni kwako, ule ambao ile kampuni kubwa ya muziki tuliyoiacha iliukataa eti roki ya Kiswahili haiuziki. Mara adhana ikaanza msikitini. Bi Riziki, jirani anayetuuzia mahamri, akainua mkono: "Zimeni kwanza, wanangu."

Tukazima. Nikajua basi, watu watatawanyika. Enzi za kampuni, kunyamaza jukwaani lilikuwa kosa la kufukuzwa.

Hakuondoka mtu. Adhana ilipokwisha, kabla sijagusa gitaa, uwanja mzima ukaanza kuimba, kuanzia neno lile lile tulilokatia! Bi Riziki akavua leso yake akanivika mabegani.

Leso hiyo nakuletea ujikinge na baridi ya Nakuru. Bado inanukia iliki.

Uliniuliza, tukiiacha kampuni, nani atatusikiliza. Jana, Mama, wao waliimba, na mimi ndiye niliyesikiliza.

Mwanao akupendaye,
Njeri