Mialoni ya Kilima cha Mama

Jumanne, 14 Januari
Misumeno tangu asubuhi. Wanakata mialoni yote ya kilima chetu, walikozikwa wazazi, wanabakiza misonobari tu! Nimempigia Kaka Deok-chil, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kijiji. Akacheka. Eti ni palizi ya msitu, wataalamu wamesema. "Mwaloni unakupa nini, Mal-sun? Uyoga wa bei unaota chini ya msonobari." Matawi wameyaacha papo hapo, marundo kwa marundo. Haya. Kaka anajua.

Jumanne, 25 Machi
Moto! Upepo mkali. Tumelazwa ukumbi wa shule. Nyumba sijui.

Ijumaa, 28 Machi
Nyumba imepona. Kilima kimekwisha. Misonobari ina utomvu, iliwaka kama taa ya mafuta, na marundo yale yakaupandisha moto hadi vileleni. Kwa jirani Ok-bun, ambako mialoni haikuguswa, moto ulipita chinichini ukafa. Nimeona kwa macho yangu. Nimelia mbele za watu, sikujali.

Jumatatu, 31 Machi
Nimekwenda ofisi ya mjini kuuliza nani aliruhusu mialoni ikatwe. Karani kanionyesha fomu — jina langu, muhuri wangu, ambao ndio saini yangu! Mihuri ya kijiji kizima hukaa kwenye droo ya Kaka, wazee wasihangaike na safari za mjini. Mimi nilimwachia kwa ajili ya fomu za mbolea. Nimemuuliza. Hata haya hakuona.

"Ningekuuliza, ungekataa."

Ndugu wa tumbo moja! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nimedai muhuri wangu. Kesho, akasema.

Jumatatu, 12 Mei
Muhuri bado "kesho". Lakini visiki vya mialoni vinachipua! Hakuna aliyepanda. Misonobari, hata mmoja haujaamka. Leo nimecheka peke yangu huko juu kama mwehu.

Alhamisi, 15 Mei
Wamerudi. Lori la miche ya misonobari, na mashine za kufyeka machipukizi. Fomu ya kupanda upya ina muhuri wangu, umepigwa Aprili. Baada ya moto! Nimekalia kisiki, naandika hapa hapa.

"Mama, tupishe, tuna kazi," kasema fundi.

Kaka yuko nyuma yake, haniangalii. Kamnong'oneza, nami nimesikia: "Anzieni kule kaburini kwa Mama. Atainuka mwenyewe, namjua."

Mashine imewashwa. Wanaelekea kule. Nikiinuka, mafundi hawa wengine, mashine mkononi, wako hatua tatu tu kutoka kisiki hiki na machipukizi yake —