Dola Nilizovunja Tangu Uondoke

Mama Neema wangu,

Unakumbuka siku nilipolipwa ile kazi ya ukuta kule Luvungi? Nilifika nyumbani na noti moja mpya ya dola mia, nikataka tuivunje palepale tule nyama. Ulininyang'anya, ukaifunga kwenye pindo la kitenge. "Weye Baba Neema, ukivunja dola iko inakuwa maji. Hii iko na mwenyewe." Mwenyewe alikuwa shule ya binti yetu. Nilinuna mpaka bugali ikapoa, ukanicheka, na mimi nikashindwa kuendelea kununa.

Tangu tukuzike mwaka jana, nimevunja dola kila nilipolipwa. Usidhani nilikunywa pombe. Nilinunua watu. Nilileta samaki wa mikeke, mchele na soda, majirani wakaja. Kaka yako alikuja kila Jumapili na wenzake wa kwaya, nami nikiwasihi wakae, chakula bado kipo. Wakiwapo, nyumba ilikuwa na sauti. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu niliongeza sahani. Faranga zikaisha kabla ya mwezi kufika katikati.

Kisha asubuhi moja Neema alirudi na madaftari yake. Walikuwa wamemtoa darasani kwa sababu sikulipa minerivali, ile ada ya shule, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu amalize. Hakulia. Aliangalia makreti ya soda pale ukutani, akasema, "Papa, wageni ni wazuri. Lakini minye nitasoma na nini?" Nilimwonea aibu mtoto wangu mwenyewe.

Malipo yaliyofuata niliyapeleka shuleni kwanza, dola nzima, sikuivunja. Kilichobaki baada ya ada tulikigawa na Neema: unga, makala ya kupikia, mafuta, na ndagala, wale samaki wadogo, za watu wawili. Kaka yako nilimwambia ukweli, kwamba sina tena cha kuwalisha wageni. Alijibu, "Haina neno, shemeji." Hajarudi tena, wala wenzake.

Leo mwezi umeisha. Unga upo, shule imelipwa, na hakuna anayetudai. Neema yuko darasani. Nimekaa mlangoni toka asubuhi nikitafuta mtu wa kumwambia kwamba nimeweza, na nimekosa. Ndiyo maana nakuandikia.

Pumzika, mke wangu. Nimeweza.

Mume wako,
Baba Neema