Antena za Ndege ya Baba

Tengeru

Kaka yangu Godbless,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema huko Mwanza, na kazi zinakwenda. Huku mlimani tupo, mvua imenyesha na migomba imependeza. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei.

Baba bado hatembei. Daktari anasema kwa umri wake nyonga huunga polepole. Kitanda chake tumekisogeza dirishani auone Meru, na jioni Mama humsomea Biblia.

Unajua ndege ile ndogo ya rimoti aliijenga masika yote. Tangu astaafu ualimu hakuwa na furaha nyingine. Risiva, kile kidude kinachopokea amri za rimoti, nilimfungia mimi. Nilitoboa ubavuni nikazitoa antena zote mbili nje, moja imelala, nyingine imesimama, mbali na nyaya za betri na mbali na bomba la kaboni linaloshika mabawa, maana kaboni huziba mawimbi. Tukaijaribu ikiwa chini. Baba akaenda na rimoti hadi mwisho wa shamba la kahawa, na mkia bado ukamtii.

Krismasi ukaja na mchumba wako Fransiska na wazazi wake, ukataka kuwarushia. Ndege ilipaa vizuri, ikageuka juu ya migomba, halafu ikaacha kusikia rimoti. Baba akaikimbilia macho yakiwa juu, akatumbukia mferejini. Hata hatujamtoa, ulikwisha kuwaeleza wageni kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumwachia msichana kazi ya nyaya. Tangu siku hiyo ukoo mzima unaniona mimi ndiye niliyemvunja mzee. Shangazi Hanna ameniambia mlangoni mwa kanisa kwamba vyombo vya wanaume niwaachie wanaume.

Sasa nikueleze kwa nini nilinyamaza. Mabaki ya ndege aliletewa Baba kitandani, akayafungua mwenyewe. Antena zilikuwa zimerudishwa ndani, zimegandishwa kwa gundi juu ya kaboni. Mama akakumbuka kwamba asubuhi ile ulikuwa na ndege mezani, ukilalamika kuwa nyuzi zile zinaifanya ifanane na mende. Baba akanishika mkono. "Mwanangu, usiseme," akaniambia. "Wewe utavumilia. Yeye watamnyima mke."

Nililia, kaka, na si kwa ajili yako. Nililia kwa kuwa Baba alitupima sote wawili, akaona wa kubebeshwa ni mimi.

Nikabeba. Lakini juzi Fransiska alinipigia simu, akaniuliza kwa upole kama kweli ndege ile niliiharibu mimi. Nilimwambia yote. Baba alikuwa anasikia. Hakunikataza, aligeuza uso ukutani tu, na tangu hapo hajasema nami neno.

Usiniandikie kuniuliza kwa nini. Njoo unisaidie kumgeuza Baba kitandani. Mgongo wake umeanza kuchubuka, Mama hana nguvu, na mimi nikimshika peke yangu anaumia.

Wasalimu jirani zako wote. Mama anakusalimu sana.

Mdogo wako,
Aikaeli