Miezi Sita ya Meno Meupe

Jumatatu, 8/7/2024

Nimepaka! Jeli ya kung'arisha meno, ile shangazi Élisabeth alinitumia kutoka Kinshasa. Nimejifungia chumbani nusu saa, mdomo wazi, mate mpaka kifuani. Kama mbuzi anayesikiliza misa.

Karatasi yake inasema kwa Kifaransa: inadumu miezi sita. Chini, herufi ndogo: wiki moja bila kahawa, chai, mafuta ya rangi. Mafuta ya rangi! Hapa Kindu! Sisi tunaoga mawese.

Lakini Jumamosi watu wa Musafiri wanaleta mahari ya dada Jacqueline. Wasichana watatu tutafunikwa vitenge, bwana-arusi aulizwe: njo huyu, ndiye mwenyewe? Mimi nitafunuliwa wa kwanza, wote wacheke, nami nicheke. Na Donatien, mdogo wake Musafiri, atakuwa pale. Mwaka mzima darasa moja, hajaona jino langu hata moja. Yalivyokuwa ya njano, heri hakuyaona.

Jumanne, 9/7

Meupe!! Nimejiangalia kwenye kijiko, kwenye sahani, kwenye dirisha la jirani. Jirani alikuwa ndani. Akanisalimia.

Jumatano, 10/7

Aibu.

Mama yake Musafiri amefika bila taarifa, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo yanayoogelea ndani ya mawese. Kapika mwenyewe — kwao lazima tuonje mkono wake kabla ya mahari. Wote wamekula. Mimi nikasema nimeshiba. Kidogo tu, mwanangu, akasema. Nikatikisa kichwa, mdomo umefungwa kama duka la mzee Kassim saa ya sala ya Ijumaa.

Akafunika sufuria pole pole. Mlangoni nikamsikia: "Kama mutoto anakataa chakula yangu, nyumba hii iko na neno na sisi."

Jacqueline hakunigombeza. Alilia tu. Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 11/7

Musafiri kapiga simu: mama yake haji Jumamosi. Bila yeye, hakuna mahari. Ikabidi nimwambie mama yangu ukweli.

"Meno?" Akanitazama. "Meno, Ange?" Kisha: "Utaenda kula kwake. Peke yako."

Nimeenda. Nikaeleza habari ya jeli, Kiswahili na Kifaransa vikipigana mdomoni. Yule mama akafunua sufuria ya sombe. Akapakua. Nimekula sahani mbili — na ilikuwa tamu, njo kitu kinaniuma! Donatien akapita uani, akaniona na mawese kidevuni. "Taratibu, Ange, sufuria haikimbii." Nikatamani ardhi inimeze, na sahani yangu.

Wakati wa kuaga, yule mama akasema tu: nimesikia. Amesikia nini? Anakuja au haji?

Ijumaa, 12/7

Njano. Miezi sita imeisha kwa siku nne. Nimesugua na makaa ya jiko. Sasa njano, na mistari myeusi katikati. Hongera, Ange.

Jumamosi, 13/7

Naandika chini ya kitenge — kweli! Chumbani, tunangoja kuitwa. Uani wazee wanavutana juu ya mbuzi. Jacqueline kila saa ananong'ona: amefika? Hatujasikia sauti ya mama yake Musafiri.

Amefika!! Jacqueline kanibana mkono mpaka mwandiko umepinda. Yule mama anasema kwa nguvu, wote wanyamaze: "Bibi-arusi angoje. Mulete kwanza ule wa sombe. Acheke, nione chakula yangu ilikaa wapi."

Uani wanacheka wote. Donatien pia, namjua. Mama ameingia, ananivuta. Nimeuma midomo, lakini kicheko kinapanda, kinanitekenya, mama ngoja kwanza, ngo