Kompyuta Niliyoiogopea Mega

Likasi, siku ya posho, yaani Jumamosi, ya jua baada ya mvua. Matope ya Panda, mtaa wetu, yamekauka kwenye viatu vyangu, na moyo wangu uko mweupe.

Shajara, unanijua: mimi ndiye fundi wa mashini wa avenue yetu yote. Nilijitangaza mwenyewe, wengine walikuwa wanachelewa.

Basi Jumatatu dada yangu mkubwa, Yaya Béa, akanishika kwa neno langu. Ana kibanda karibu na soko, anaandikia watu barua. Sasa anakaribia kujifungua na anatafuta mtu wa kukaa mahali pake. Akanipa kompyuta ya zamani nijifunzie.

"Petit, weye unasemaka sana. Posho utaandika barua moja mbele yangu. Ukishindwa, natwaa mutoto wa jirani."

Mutoto wa jirani alimaliza shule. Mimi shule niliiacha njiani, ikaendelea bila mimi.

Nikiri sasa. Siku tatu sikufungua kitu. Niliwasha, nikaangalia ile picha ya milima, nikazima. Kwenye simu yangu kila unachogusa kinakula mega za intaneti, na mega sikuwa nazo. Nikajua vidude vya kompyuta navyo vina tumbo la mega.

Alhamisi Mama akaniuliza mashini inafanya nini.

"Inangoja mega, Mama."

"Béa anaandikaka barua kila siku. Ulisha kumuona anatia mega?"

Nikakubali kwamba Mama amesema kweli. Ni jambo la nadra, liandikwe.

Nikafungua Calculatrice, ile ya hesabu: ikajibu bure. Nikafungua ile ya kuchora, nikapaka nyumba yetu kijani, jirani nikampa masikio ya mbuzi. Magnétophone ikanasa sauti ya Mama akiimba huku anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alipoisikia akauliza, "Nani huyu anaharibu wimbo?" Mwisho Bloc-notes, ile ya kuandikia: haina mapambo, maskini kama mimi, lakini inapokea kila neno.

Kisha umeme ukakatika, barua yangu ya mazoezi ikaenda nao. Tangu hapo nahifadhi kila mstari, kama mtu anayefungia kuku jioni.

Leo kibandani akaja mama mmoja wa Kambove, anamwombea binti yake nafasi ya shule kule Mulungwishi. Nikaandika kwa vidole viwili, Yaya nyuma yangu, mkono tumboni. Katikati ya barua, giza kwenye kioo. Umeme tena.

Yaya akaguna. Mama wa Kambove akashika kichwa. Mimi nikakunja mikono kama bwana mkubwa, na jasho linanitiririka mgongoni.

Umeme uliporudi nikafungua. Barua yote ilikuwepo, hata nukta.

Yaya hakunisifu, hajazoea. Alisema tu, "Siku ya kwanza, saa moja asubuhi. Na uje na ufagio."

Nitakuwa pale hiyo siku ya kwanza, Jumatatu, kabla yake. Ila avenue nzima imeshasikia kwamba nimekuwa mkurugenzi. Huo ufagio nitaupitishia wapi wasiuone?