Majani ya Mkorosho Hayaji Mwanza

Lupaso,
Masasi.
16 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Getrude,

Najua kabla hujafungua bahasha hii umeshasema shikamoo mjomba, kwa hiyo naanza kwa kukuitikia: marahaba mwanangu, marahaba sana. Hujambo? Na huyo uliyembeba, anacheza vizuri? Mumeo Godwin anaendeleaje na kazi? Sisi huku hatujambo. Mama yako ni mzima, isipokuwa magoti humsumbua akiinama kuokota korosho. Mimi pia ni mzima, ingawa juzijuzi nilianguka. Usishtuke, nitakueleza.

Nimeona niandike kwa sababu simu humaliza salio tukiwa bado kwenye salamu. Barua anakuletea mwalimu Tahiri, jirani yetu, anayekuja huko Mwanza kumwona mkewe. Mpe chai, ila asikudanganye kwamba tumekonda.

Mwaka huu mikorosho imezaa. Mabibo yamejaa chini mpaka unakosa pa kukanyaga. Kila nikifika upande wa mpaka na shamba la Gasper nakuona ulivyokuwa unakaa pale unayafyonza, gauni lote madoa, mama yako anafoka na wewe unanikimbilia mimi. Nimekukumbuka, Getrude, sitazunguka. Nyumba imekuwa na ukimya ambao siupendi.

Tangu utuambie una mimba, mama yako alianza kuandaa chumba. Desturi yetu unaijua, mimba ya kwanza hurudi nyumbani, binti akajifungulie kwa mama yake. Chumba kimekandikwa upya, kitanda kimesukwa kamba mpya, na kuni za kuchemshia maji ya kukukanda nimezipasua mwenyewe. Tulikuwa tunakusubiri Desemba.

Ndipo ukapiga simu kwamba kliniki wamekukuta na kisukari cha mimba, wamekuanzishia sindano za kushusha sukari. Mama yako alinipa simu akatoka nje. Hizo sindano ndizo zilizomtia hofu, alidhani zinamfikia mtoto. Siku ile ile akaamua kukutumia dawa ya nyumbani.

Unakumbuka nilikusimulia wale vijana wa chuo waliokuja kuchuma majani ya mkorosho, wakawa wanayalaza kwenye magazeti? Kiongozi wao, binti anayeitwa Shakila, alikaa nasi barazani akatueleza kwa utaratibu. Alisema ndani ya majani yale mna vitu wanaviita viambata, na panya wenye sukari walipopewa, sukari yao ilishuka. Akaongeza kwamba kwa mama mjamzito bado haijulikani. Jani la mti huu halilingani nguvu na la mti ule, wala la masika na la kiangazi, hivyo yeye hawezi kumwambia mtu achemshe kiasi gani. Mama yako alisikiliza mpaka kwenye panya, yaliyobaki yakampita.

Basi akayachuma, akayaanika kivulini, akayatwanga. Lakini kwa jinsi anavyokupenda, hakutaka kukutumia kitu ambacho hakijajaribiwa. Akatafuta wa kumjaribia, akanipata mimi. Si unajua nami nina sukari, nameza vidonge? Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Kinakausha ulimi mpaka niliwaonea huruma wale panya.

Na dawa ilifanya kazi, Getrude. Hilo nataka ulijue, asije mtu akakwambia mama yako ni mjinga. Tatizo ni kwamba vidonge navyo vilikuwa vinafanya kazi yao, sukari ikashuka kupita kiasi. Mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka, nikashtukia niko chini kati ya mabibo na mama yako ananilambisha sukari kiganjani mwake, huku analia. Gasper akanipakia kwenye bodaboda yake hadi Masasi.

Huko nilihudumiwa na muuguzi mmoja, Stamili, mtu mpole. Nilipomweleza nilichokunywa hakunigombeza, nami nikapata ujasiri wa kumuuliza habari zako. Akanifafanulia kwamba sindano ile haimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni sukari yako kupanda, maana atakua mkubwa kupita kawaida na kuzaliwa kwa shida. Ikishuka mno, wewe ndiye utakayeanguka kama mimi. Hata mtoto mwenyewe akizaliwa lazima apimwe, kwa sababu sukari yake huweza kushuka ghafla. Akasema ukiongeza majani juu ya sindano hakuna atakayejua yatashusha kiasi gani, wala yatamfanya nini aliye tumboni. Kwa hiyo usiweke mdomoni jani la mtu yeyote, hata likitoka kwetu, kabla hujamuuliza daktari wako.

Niliporudi nilimkuta mama yako amekaa na ungo wa majani, tayari kuyafunga. Nikamwambia yote. Hakubishana, na hilo lilinitisha, maana yule hubishana hata na jogoo. Aliyatazama tu, kisha akasema:

"Kaka, hiki ndicho kitu pekee nilichokuwa naweza kumpelekea. Sasa nitamfanyia nini mwanangu?"

Nilikwenda kufunga mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa.

Swali lake nimelifikiria sana, na sasa nasema kama mjomba wako, kwa sababu kwetu neno hili ni langu kulisema. Usije. Safari ni ndefu mno kwa hali yako, na hapa kijijini hakuna wa kukupima kila siku. Kaa karibu na hao wanaokujua, ujifungulie hospitali kubwa. Wazee wa ukoo wamenung'unika, nikawaambia lawama zote waniletee mimi. Lakini usidhani nimeliandika neno hilo kwa wepesi. Kila nikipita mlangoni mwa kile chumba moyo unaniuma, na kuna siku nimeingia nikakaa kitandani peke yangu kama mjinga.

Badala yake mama yako atakuja kwako. Hajawahi kuvuka Lindi, lakini nauli ipo, na Desemba ikiingia atapanda basi Masasi. Mzigo wake nimeupekua mbele yake, akanuna. Mna korosho, unga wa muhogo na khanga za mtoto. Majani hayamo. Ukimwona huko anachemsha kitu kichungu, nipigie.

Mimi nitabaki na mbuzi na korosho. Mama yako mdogo Anjelina ameahidi kushuka kutoka Newala kuja kunipikia, ingawa wote tunajua mapishi yake.

Anakusalimu sana huyo Anjelina, pia Gasper na mkewe Ziada, na bibi yako Siti anayeuliza kila siku kama umeshakuja. Sijapata moyo wa kumwambia. Msalimie Godwin, mwambie asichoke kukusindikiza kliniki.

Mungu aliyekulinda tangu ukiwa mdogo mikononi mwetu akushike mkono siku hiyo, akutoe salama wewe na mtoto.

Nina ombi moja tu. Saa hiyo ikipita, msihangaike kunieleza uzito wake wala amefanana na nani. Mwambie mama yako aweke simu karibu na mtoto, naye anyamaze kama anaweza, nimsikie akilia. Kisha akupe simu wewe. Usiseme maneno mengi, utakuwa umechoka. Niamkie tu, nikuitikie.

Ni mimi nikupendaye, ninayekungoja hata baada ya kukukataza kuja,

Mjomba wako,
Selestini